Karani na Visu vya Jumamosi

Kabla sijamjua Karani kwa sura, nilimjua kwa maganda ya machungwa. Nilikuwa nimehamia karibuni nyumba ya jirani yake pale Bagamoyo, na kila asubuhi nikitoka kwenda kufundisha watoto wa chekechea niliyaona yameanikwa juu ya ukuta mfupi uliotutenganisha: membamba, marefu, kila moja limejiviringa kama utepe na halikukatika popote. Nilidhani nyumba ile ina mtoto mwenye michezo yake. Kumbe ni mzee mrefu, mkavu, aliyekuwa akiyakausha ili ayachome jioni kufukuza mbu.

Alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu cheo kilibaki kuwa jina. Hata mkewe, Bi Mwanaidi, alimwita Karani. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia siku lilipotangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti kwamba ametutoka, nami nilisimama uani na ndoo mkononi nikijiuliza ni nani huyo maskini aliyefariki.

Asubuhi ya kwanza tuliyosema kitu zaidi ya salamu, nilikuwa nimekaa kizingitini nikichonga penseli za wanafunzi wangu kwa wembe. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Mwalimu. Huo wembe utakukata wewe kabla haujakata penseli. Zilete hapa."

Nikampelekea kopo zima. Akatoa kisu cha kukunja mfukoni mwa kanzu, akakifungua kwa ukucha, akaanza. Hakuwa na haraka. Kila penseli aliyoichukua aliniuliza ni ya mtoto gani, na huyo mtoto anapenda kuchora nini, kana kwamba ncha ya anayechora magari na ncha ya anayechora maua ni lazima zitofautiane. Nilichelewa kazini siku hiyo. Watoto walipoona penseli zao walinyamaza kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Nilijaribu kumwomba aniazime kile kisu mpaka nipate changu. Akanitazama kama nimemwomba meno yake.

"Kisu hakiazimwi, Mwalimu. Nipe kazi, nitaifanya mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu. Ukimwomba kisu atakunyima, lakini ataacha chakula chake, avae viatu, akufuate mpaka kwako kukata hiyo kamba. Nimemwona akitembea mpaka mwisho wa mtaa, juani, kwenda kufungua gunia la mchele la mama mmoja ambaye angeweza kulifungua kwa kisu chake cha jikoni.

Kisu chenyewe hakikuwa cha kutisha. Urefu wa kidole cha kati, mpini wa mfupa ulioiva rangi ya chai ya maziwa. Ubapa ulikuwa umenolewa miaka mingi hata ukabaki mwembamba kama jani la mchaichai. Asubuhi alivaa kanzu, akavaa kofia, akatia kisu mfuko wa kulia na leso mfuko wa kushoto, ndipo akajihesabu kuwa amevaa.

Aliponiona nahangaika kutafuta kisu cha kununua, aliniuliza kama kwetu hakuna mtu aliyewahi kuwa na kisu. Nikakumbuka. Marehemu mama yangu, kule Kerege, alikuwa na kijisu cha kukunja cha kuchania ukindu wa mikeka. Nilikikuta kwenye kikapu chake kimeshika kutu. Karani alikaa nacho kutwa nzima kwenye kinoo, akikitia mafuta, akikifuta, akikiuliza maswali. Aliponirudishia hakukitia mkononi mwangu. Alikiweka juu ya ukuta, akangoja nikichukue mwenyewe. Kisu chochote alikitoa hivyo.

"Sasa," akasema, "Jumamosi baada ya alasiri uje barazani. Uje nacho."

Nilidhani ni mzaha. Nilikuta wanaume watatu wazima wamekaa kwenye baraza, kahawa imeshamiminwa, na katikati yao sinia la shaba limetandikwa kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa visu vimelala, vimekunjwa. Kila mmoja kwa zamu alikichukua chake, akakifungua, akaeleza kimefanya kazi gani wiki ile. Ni hayo tu, na hayo yaliwatosha mpaka magharibi.

Bwana Seif, ambaye babu yake alitoka Oman na ambaye mwenyewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuja na kisu cha huyo babu, chenye mpini wa pembe. Alikuwa akikileta kimefungwa kwenye hariri. Karani alimuuliza kimekata nini wiki hii. Bwana Seif akasema kitu cha urithi kama kile hakikati, kinatunzwa.

"Basi hilo ni pambo," Karani akamwambia. "Pambo liache kabatini, lisije kututia aibu sisi wenye kazi."

Bwana Seif alikasirika, akaondoka bila kumaliza kahawa. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Alikiweka kisu kwenye sinia bila hariri, akatangaza kuwa amekata nacho kamba za mzigo mzima wa mabati, uso umemng'aa kama wa bwana harusi.

Wa tatu alikuwa Mzee Kombo wa Mlingotini, ambaye kazi yake ni kusuka madema, ile mitego ya samaki ya fito za mianzi inayofanana na kapu kubwa. Kisu chake alitengenezewa na mhunzi kwa kipande cha msumeno, mpini wa mti umefungwa nyuzi za nailoni mahali ulipopasuka. Kombo alikuwa mtu wa sauti. Alicheka kwa sauti, alikunywa kahawa kwa sauti, alikasirika na kusamehe kabla kikombe hakijapoa. Yeye na Karani walibishana kila wiki kuhusu mafuta. Kombo alipaka kisu chake mafuta ya nazi, Karani alipaka mafuta ya cherehani, na kila mmoja alimwona mwenzake mshamba. Lakini Kombo akichelewa, Karani hakuruhusu sinia lianze. Alisema barabara ya Mlingotini ni mbaya, tungoje.

Bi Mwanaidi alitusikiliza kutoka ndani. "Watu wazima na visu vyao kama watoto na magari ya makopo! Na changu kimemenya vitunguu vya harusi nzima, mbona hakiulizwi?"

"Cha jikoni hakikunjwi, Bi Mwanaidi," Karani akamjibu. "Shauri lako halina mashiko."

"Na kahawa yako ya pili je, ina mashiko?"

"Hiyo naomba iletwe kwa haraka."

Lugha ya mahakama haikumtoka. Mpwa wa Bwana Seif alipotuunganisha kwenye kundi la simu la watu wapendao visu vya mfukoni, wenzetu wa Tanga na Mombasa wakawa wanatuma picha: kisu pembeni ya embe, kisu juu ya usukani wa lori, kisu kimelala kwenye sahani ya mihogo. Macho ya Karani yalikuwa yameanza kupungua kwa sababu ya kisukari, kwa hiyo mimi nilimwelezea picha naye akanitamkia majibu ya kuandika. "Kwa heshima ya aliyetuma kutoka Tanga. Kisu kimeonekana na kimekubalika. Isipokuwa kutu iliyo mgongoni ishughulikiwe kabla ya Jumamosi ijayo." Watu wale hawakujua kama anatania. Hata mimi sikujua kila mara.

Jambo lililonishangaza kwake ni kuwa mtu huyu hakuweza kutazama damu. Idd kubwa ikikaribia, mtaa mzima ulimletea visu vya kuchinjia, naye alivinoa mpaka vikanyoa nywele za mkono. Asubuhi ya Idd, akishatoka kusali, aliondoka nyumbani, akatembea peke yake mpaka ufukweni, asirudi hadi nyama iko jikoni. Mbuzi wake alichinjwa na majirani. Nilimuuliza Bi Mwanaidi sababu. Akaniambia, "Muulize mwenyewe siku ukimwona anataka kuulizwa."

Siku hiyo ilikuja baada ya mambo ya Kombo.

Ilitokea mnadani, pale samaki wanaposhushwa. Kombo alikuwa amepanga madema mapya pembeni, kazi ya majuma. Kijana mmoja wa bodaboda akapita kwa fujo, akayapanda kwa pikipiki yake, akavunja mawili. Angeomba radhi yangeisha. Yeye alicheka. Kombo akamshika kola, na watu wakaona kisu kimefunguka mkononi mwake. Wakamvuta. Kijana hakuguswa hata kidogo. Lakini Bagamoyo si mji mkubwa, na habari ilifika barazani kabla ya Kombo.

Jumamosi alikuja kama kawaida, akaweka kisu kwenye sinia. Ilipofika zamu yake Karani akamuuliza kama alivyotuuliza sote:

"Kazi ya wiki?"

"Karani, umeshasikia."

"Nataka kusikia kwako."

Kombo akatazama chini. "Nilikifungua. Sikumgusa. Wallahi sikumgusa."

Karani akatoa leso mfukoni. Akakichukua kile kisu kwa leso, bila kidole chake kukigusa, akakiweka mbele ya magoti ya Kombo.

"Barazani kwangu usije tena. Uwe nacho, usiwe nacho."

Bwana Seif alijaribu kuingilia, "Karani, mtu hakuumia." Kombo alikichukua kisu chake, akasimama, akatafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akaondoka. Kahawa yake ilibaki palepale. Bi Mwanaidi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alikuja akachukua kikombe kile na kurudi ndani.

Nilikaa wiki kadhaa kabla sijathubutu kumtetea Kombo. Nilimkuta Karani uani anamenya chungwa. Nikamwambia kuwa hasira ya Kombo sote tunaijua, inapanda na kushuka, na kwamba kumfukuza mtu wa miaka yote ile ni adhabu kubwa.

Hakukasirika. Alimaliza kumenya, akakata kifuniko cha juu, akaniwekea chungwa ukutani.

"Mwalimu, unajua kazi yangu ilikuwa nini siku za kesi za mauaji? Vielelezo vilikaa kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa navitoa kwenye bahasha ya khaki navipeleka mezani kwa jaji. Visu, Mwalimu. Karibu vyote vilikuwa visu vya jikoni, au hivi hivi vyetu vya mfukoni. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa kuua."

Akafuta ubapa kwa leso.

"Siku moja mama wa marehemu aliomba akione. Jaji akaniruhusu. Nikampelekea. Akakitazama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, 'Mbona hiki ni cha machungwa, mwanangu? Hiki si ni cha machungwa?' Mpaka leo sijamjibu."

Akakikunja kisu, akanionyesha kilivyofunga.

"Ndiyo maana napenda cha kukunja. Kina haya. Kikimaliza kazi kinajificha. Kombo alikitoa kikiwa hakina kazi."

Nilikula chungwa langu. Lakini niliona kuwa huyu mtu, ambaye wake na waume wa mtaa walimletea ugomvi wao kwa sababu aliweza kumpatanisha yeyote na yeyote, kwa Kombo alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Jumamosi ziliendelea, lakini zilikuwa zimechuja. Bwana Seif alianza kusafiri mara kwa mara kwenda kwa watoto wake Muscat. Mara nyingi tulibaki mimi, Karani na simu. Kisukari kikamwingia miguuni. Alisema anakanyaga pamba. Alianza kutembea akishika ukuta, na Bi Mwanaidi akawa anamkagua nyayo kila usiku kwa kioo kidogo, maana mwenyewe hakusikia hata akikanyaga kaa la moto. Bado alitia kisu mfukoni kila asubuhi. Maganda ya machungwa ukutani, hata hivyo, yalianza kuwa vipande vifupi vifupi.

Jumamosi moja mtu wa Tanga aliandika kwenye kundi akiuliza ni ubapa wa namna gani unaofaa kupasua fito za mianzi bila kuzivunja. Nikamsomea Karani swali. Nikangoja anipe jibu la kuandika.

"Hilo ni la Kombo," akasema. "Kombo angelijibu."

Nikaweka simu pembeni.

"Mwalimu. Bajaji ya kwenda Mlingotini inapatikana saa hizi?"

Tulimkuta Kombo uani kwake, amekaa chini, amezungukwa na mianzi iliyopasuliwa, dema moja limesukwa nusu mbele yake. Alikuwa amekonda. Karani alisimama mlangoni pa ua, mkono mmoja begani kwangu.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," Kombo akaitikia, kwa kuwa salamu hiyo haiachwi bila kujibiwa. Lakini hakuinua kichwa, na mikono yake haikusimama kazi.

Mkewe ndiye aliyetutandikia jamvi. Karani akavua viatu kwa adabu penye ukingo wa ua, akalijongelea jamvi polepole, akipapasa kwa nyayo zisizosikia, nami nikamsaidia kukaa. Kombo aliendelea kupasua mwanzi.

"Kombo, nimekuja kutengua hukumu."

"Hukumu gani?" Kombo hakumtazama. "Hukumu ina kesi. Mimi sikupewa kesi. Nilishikiwa kisu changu kwa leso, kama cha muuaji, mbele ya Seif na mbele ya Mwalimu."

"Ni kweli."

"Ungenitukana ningesahau kesho yake. Ungenipiga pia ningesahau. Lakini leso, Karani!"

Karani aliweka mikono juu ya mapaja yake. Nilimwona akitafuta maneno, na safari hii hayakuwa ya mahakamani.

"Nilitoa leso kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Sikutaka muone. Ulipokiweka kile kisu kwenye sinia mimi nilikuona wewe, Kombo. Nilikuona umesimama pale kizimbani, na mimi ndiye ninayekipeleka mezani. Niliogopa. Nikaona nikikuweka mbali sitayaona hayo."

Mwanzi ulikuwa umeacha kupasuka.

"Ungeniambia hivyo," Kombo akasema.

"Ningekuambia."

"Karani." Sauti ya Kombo ilibadilika. "Karani, usisogee. Unatoka damu."

Nikatazama. Kwenye jamvi, chini ya unyayo wake, palikuwa na doa jekundu linalopanuka. Alipokuwa akipita uani alikanyaga kibanzi cha mwanzi, kimezama katikati ya unyayo, naye alikuwa amekaa akizungumza kana kwamba hakuna kitu. Alipoambiwa aligeuza uso upande mwingine haraka, kama afanyavyo Idd.

"Ni kirefu?" akauliza.

"Kimeingia chote. Ncha tu naiona." Kombo alikuwa ameshamsogelea kwa magoti. Alimwita mkewe alete maji moto na chumvi, akauchukua mguu wa Karani akauweka mapajani mwake, kisha akasita. Aliangalia mikono yake. Akanitazama mimi.

"Kwa vidole hakitoki," akasema. "Lazima nipafungue kidogo."

Karani alielewa. "Fungua," akasema.

Kombo alichomoa kisu kiunoni, akakifungua. Akakiosha kwa maji yaliyochemka, akakipitisha kwenye moto wa jikoni kwa mkewe, akarudi. Kazi aliyofanya ilikuwa ndogo na ya taratibu sana. Jasho lilimtiririka usoni. Karani alikaa wima, uso umeelekea ukutani.

"Endelea, Kombo. Mimi sisikii kitu."

"Hilo ndilo linalonitisha. Ungepiga kelele ningejua nimefika wapi."

"Basi nitakuwa nasema."

Akaanza kusema. Alimwambia habari zote za Jumamosi alizozikosa: pikipiki ya mwalimu wa madrasa iliyochomwa msumari, picha mpya ya lori la Msata, kisu kikiwa kwenye usukani, swali la mtu wa Tanga kuhusu mianzi. Kombo akawa anamjibu huku ameinama. Amwambie anayeuliza asitumie ubapa mnene. Na asikate, aupasue mwanzi kwa kuusukuma. Nilitamani kuandika lakini mikono yangu ilikuwa imeshika bega la Karani.

Kibanzi kilitoka. Kombo alikiinua kwenye mwanga, kilikuwa kirefu kuliko tulivyodhani, akakitupa mbali kwa hasira kama kilichomkosea yeye. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akachana pindo la kikoi chake safi, akaufunga mguu kwa mafundo bapa ya msukaji wa madema. Halafu hakuuachia. Alikaa nao mapajani, kiganja juu ya kitambaa, mpaka mkewe akaleta chai.

Alimbeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, Karani akipinga njia nzima. Kombo akamweka kitini, akampangia kanzu vizuri, akamvalisha kiatu kimoja na kingine akanipa mimi.

"Kesho aende hospitali," akaniambia. "Bila kubishana. Na Jumamosi nitakuja kuutazama."

"Uje mapema," Karani akasema kutoka ndani ya bajaji. "Barabara mbaya."

Tuliondoka. Njia ilikuwa ya makorongo na dereva alikwenda polepole. Tukafika barabara kubwa. Hapo Karani akaniinamia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kuuliza:

"Mwalimu, ni mguu gani?"

"Wa kulia, Karani."

Akainama, akapapasa chini mpaka akalipata fundo la kikoi, akaweka mkono wake juu yake. Tulipofika nyumbani Bi Mwanaidi alitoka mbio kutupokea, na mkono ulikuwa bado hapo.